Wanaomwambia Mgonjwa Asubiri

Kila mara bangi ya tiba inapotajwa, iwe bungeni, redioni au barazani, kuna hoja moja ambayo hutangulia nyingine zote. Wanaoitoa si watu wabaya. Ni wazazi, madaktari, mapadri na masheikh, askari wastaafu, watu waliomwona kijana wao akiharibika mbele ya macho yao. Wanasema hivi: bangi ni dawa ya kulevya na sheria imeikataza. Kama kweli ina tiba ndani yake, wanasayansi waithibitishe, serikali iipitishe, iuzwe duka la dawa kwa cheti cha daktari kama dawa nyingine yoyote. Mpaka siku hiyo mgonjwa avumilie na askari afanye kazi yake, kwa sababu tukimsamehe huyu kwa ugonjwa wake, kesho kila mvutaji atakuwa na ugonjwa. Na uhuru wa mtu mmoja hauwezi kupita usalama wa watoto wa wenzake.

Hiyo ndiyo hoja, na sikuipunguza makali. Ni hoja ya watu wenye nia njema, na bado ni hoja mbaya, kwa sababu kila tawi lake limeshajaribiwa mahali fulani na likaonekana halina matunda isipokuwa maumivu. Mahali hapo ni Marekani, ambako wagonjwa wamepambana na serikali yao kwa karibu nusu karne, na ambako kila hatua imeandikwa mahakamani. Nitakaa huko kwa sehemu kubwa ya makala haya, kisha nitarudi kwetu, maana hoja tunayoisikia Nairobi na Dodoma ni ileile.

1. "Thibitisheni kwanza kwamba ni dawa"

Hili ndilo dai linaloonekana la kisayansi kuliko yote, na ndilo lenye dhuluma kubwa kuliko yote.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1970 kuhusu dawa zinazodhibitiwa iliiweka bangi katika Orodha ya Kwanza, pamoja na heroini. Hiyo ni orodha ya vitu vinavyotajwa kuwa na hatari kubwa na visivyo na matumizi yoyote ya tiba yanayokubalika. Kokeini iko Orodha ya Pili, na morfini pia, yaani daktari anaweza kuzitumia kwa mgonjwa wake. Mkuu wa masuala ya afya serikalini aliyeombwa ushauri wakati huo, Dakta Roger Egeberg, alipendekeza bangi ikae kwenye orodha hiyo kwa muda tu, mpaka tume maalumu imalize uchunguzi wake. Tume hiyo iliongozwa na Raymond Shafer, aliyekuwa gavana wa Pennsylvania. Mwaka 1972 ilipendekeza mtu asifanywe mhalifu kwa bangi aliyonayo kwa matumizi yake binafsi. Rais Nixon aliikataa ripoti, na kilichowekwa kwa muda kikabaki pale kwa miongo mingi.

Mwaka huohuo wa 1972 watetezi walipeleka ombi rasmi bangi ihamishwe kutoka kwenye orodha hiyo. Ombi lilizungushwa kutoka ofisi hadi ofisi, likaenda mahakamani na kurudi, na ushahidi ukaanza kusikilizwa mwaka 1986. Septemba 1988 Francis Young, jaji wa utawala wa idara yenyewe ya kupambana na dawa za kulevya, DEA, alipendekeza bangi ihamishwe, baada ya kuridhika kwamba inawafaa baadhi ya wagonjwa na kwamba ni miongoni mwa vitu vya tiba vilivyo salama zaidi vinavyojulikana. Mkuu wa DEA aliukataa uamuzi huo mwaka uliofuata. Kwa hiyo anayesema "njooni na ushahidi" ajue kwamba ulipelekwa, ukasikilizwa kwa kiapo, ukashinda, ukatupwa.

Kuna jambo zito zaidi. Tangu mwaka 1968 hadi mwaka 2021, mtafiti wa Marekani aliyetaka bangi halali kwa ajili ya majaribio aliweza kuipata kwenye shamba moja tu, la Chuo Kikuu cha Mississippi, na mkataba wa shamba hilo ulishikwa na taasisi ya serikali ambayo kazi yake ni kuchunguza madhara ya dawa za kulevya. Dakta Donald Abrams wa San Francisco alitaka kuchunguza kama bangi inawasaidia wagonjwa wa UKIMWI waliokuwa wakikonda mpaka kufa. Aliomba mapema katika miaka ya 1990, akakataliwa. Alipokubaliwa mwaka 1997 ilikuwa ni baada ya kuubadilisha utafiti wake uulize kama bangi inawadhuru wagonjwa hao. Profesa Lyle Craker wa Massachusetts aliomba mwaka 2001 kibali cha kuotesha bangi ya utafiti. Mwaka 2007 jaji mwingine wa DEA, Mary Ellen Bittner, alipendekeza apewe. Januari 2009 DEA ilimnyima. Aliyefunga ghala na kuweka ufunguo mfukoni ndiye huyohuyo anayemuuliza mwenye njaa mbona hajapika.

Pamoja na vizuizi hivyo vyote, ushahidi ulipatikana. Mwaka 1999 taasisi ya kitaifa ya tiba ya Marekani ilieleza kwamba kemikali za bangi zina uwezo wa kupunguza maumivu, kichefuchefu na kukonda kwa wagonjwa mahututi, huku ikionya juu ya moshi. Mwaka 2017 akademia za kitaifa za sayansi zilipitia maelfu ya tafiti na kukuta ushahidi wa kutosha katika mambo matatu: maumivu sugu ya watu wazima, kutapika kunakoletwa na tiba ya kemikali ya saratani, na kukakamaa kwa misuli kwa wagonjwa wa "multiple sclerosis", ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Sisemi zaidi ya hapo. Anayemuuzia mgonjwa mafuta ya bangi kwa ahadi kwamba yataponya saratani yenyewe ni mwongo, na ninamwona adui wa wagonjwa sawa na anayewafunga jela.

Lakini angalia serikali yenyewe ilivyotenda huku ikisema hakuna tiba. Mwaka 1975 Robert Randall, mkazi wa Washington, alikamatwa kwa miche ya bangi aliyoiotesha nyumbani. Alikuwa na glakoma, presha ya macho inayopofusha, na vipimo vya madaktari vilionyesha kwamba bangi iliishusha presha hiyo pale dawa nyingine ziliposhindwa. Mwaka 1976 mahakama ilikubali kwamba alilazimika kuvunja sheria ili asipofuke. Serikali ya shirikisho ikaanza kumpa bangi. Baadaye wengine wachache wakaingia katika mpango huo, akiwemo Irvin Rosenfeld, dalali wa hisa wa Florida mwenye ugonjwa wa nadra wa mifupa. Walipelekewa makopo ya misokoto iliyokwisha kuviringishwa, ya bangi ya shamba la Mississippi, kwa gharama ya walipa kodi. Wagonjwa wa UKIMWI walipoanza kuomba kwa wingi, serikali ya Bush baba ilifunga mlango mwaka 1992. Waliokuwa ndani, kama watu 15 hivi, waliendelea kupokea makopo yao. Waliokuwa nje waliendelea kukamatwa kwa mmea uleule.

Na tangu mwaka 1985 Marekani iliruhusu kidonge chenye kemikali kuu ya bangi, iliyotengenezwa maabara, kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika. Kemikali ikiwa kwenye kidonge cha kampuni ilihesabiwa dawa. Ikiwa kwenye jani aliloliotesha mgonjwa, haikuwa na tiba yoyote. Na mgonjwa anayetapika kila anachomeza alitarajiwa akimeze kidonge kikae tumboni.

Agosti 2023 wizara ya afya ya Marekani yenyewe ilipendekeza bangi ishushwe hadi Orodha ya Tatu kwa kuwa ina matumizi ya tiba. Kuanzia 1970 hiyo ni miaka 53. Mgonjwa wa saratani aliyeambiwa mwaka 1970 asubiri uthibitisho alikufa zamani, na daktari wake pia.

2. "Fuateni njia ya sheria"

Tuseme basi maabara imefungwa, lakini sanduku la kura liko wazi. Raia wema wabadilishe sheria kwa kura, ndipo wavute. Wananchi wa California walifanya hivyo hasa. Novemba 1996 zaidi ya asilimia 55 ya wapiga kura walipitisha Pendekezo namba 215, lililomruhusu mgonjwa mwenye ushauri wa daktari kuotesha na kutumia bangi. Hakukuwa na fujo wala hila. Ilikuwa kura ya wananchi kama nyingine yoyote.

Peter McWilliams alikuwa mwandishi wa vitabu vilivyouzwa sana. Mwaka 1996 aligunduliwa kuwa na UKIMWI na saratani ya limfu kwa pamoja. Dawa zilizokuwa zikimweka hai zilimtapisha, na bangi ndiyo iliyomwezesha kuzihifadhi tumboni. Mwaka 1998 maofisa wa serikali ya shirikisho walimkamata kwa kuhusika na kilimo cha bangi. Nyumba ya mama yake iliwekwa dhamana, na sharti la dhamana lilikuwa kwamba apimwe mkojo na asiguse bangi. Asingeweza kukiuka bila kumtupa mama yake nje. Mahakama ikaamua kwamba katika kesi yake asitaje ugonjwa wake, wala sheria ya California, wala kwamba bangi ilikuwa tiba yake. Akiwa hana utetezi wowote wa kusema, alikiri kosa. Juni 2000, akisubiri hukumu, alikutwa amekufa bafuni kwake. Alikuwa na miaka 50.

Ninawauliza wanaosema "fuateni njia ya sheria": njia ipi aliiruka? Alikuwa na daktari. Alikuwa na sheria ya jimbo lake iliyopitishwa na mamilioni. Alifika mahakamani, na alipofika akaambiwa asiseme ukweli uliokuwa mwilini mwake.

Hakuwa wa mwisho kunyamazishwa hivyo. Mwaka 2003 Ed Rosenthal alishtakiwa kwa kuotesha miche ya bangi iliyokuwa ya wagonjwa. Mji wa Oakland ulikuwa umemteua rasmi afanye kazi hiyo. Jopo la wananchi lililoamua kesi halikuruhusiwa kusikia habari hiyo, likamtia hatiani. Walipotoka na kuambiwa, wajumbe kadhaa wa jopo walijitokeza hadharani kulalamika kwamba walidanganywa kwa kufichwa. Jaji alimpa adhabu ya siku moja, ambayo alikuwa ameshaitumikia. Jaji mwenyewe, nadhani, alikuwa amejionea alichokuwa akisimamia.

Halafu ikaja kesi iliyomaliza mjadala wa kisheria. Agosti 2002 maofisa wa kaunti na wa DEA walifika nyumbani kwa Diane Monson, mwanamke mwenye maumivu makali ya mgongo huko kaskazini mwa California. Alikuwa na miche sita. Maofisa wa kaunti waliangalia, wakasema anachofanya ni halali kwa sheria ya jimbo. Wa shirikisho walikataa. Walivutana kwa saa tatu, na mwishowe miche yote sita ikang'olewa na kuharibiwa. Monson akaungana na Angel Raich wa Oakland, aliyekuwa na uvimbe kwenye ubongo na magonjwa mengine mengi, ambaye daktari wake alieleza kwa kiapo kwamba kumnyima bangi kungeweza kumuua. Bangi ya Raich ilioteshwa na watu waliompa bure. Hakuna aliyenunua, hakuna aliyeuza, hakuna kilichovuka mpaka wa jimbo.

Tarehe 6 Juni 2005, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa majaji 6 dhidi ya 3 kwamba serikali ya shirikisho ina haki ya kuwazuia. Msingi wa uamuzi? Mamlaka ya Bunge kusimamia biashara kati ya majimbo. Majaji walijenga juu ya kesi ya mwaka 1942 ya mkulima wa Ohio, Roscoe Filburn, aliyezidisha kiwango cha ngano kilichoruhusiwa ili aitumie shambani kwake. Kama ngano yake inagusa soko la taifa, basi miche sita ya mama mgonjwa inaligusa pia. Jaji Clarence Thomas, ambaye hakuna anayeweza kumwita mtetezi wa wavutaji, alipinga, akaonya kwamba kwa mantiki hiyo hakuna kitu nyumbani kwa mtu ambacho serikali kuu haiwezi kukisimamia. Wengi wa majaji waliwashauri wagonjwa wapeleke kilio chao bungeni.

Hapa ndipo penye kiini cha neno uhuru katika jambo hili, na ndipo wapinzani wetu wanapokwepa. Wanasema uhuru wa mtu mmoja usipite usalama wa wote. Sawa. Basi watuonyeshe usalama wa nani ulikuwa hatarini kwa miche sita ya Monson. Kaunti iliyomjua, iliyoishi naye, ilisema hakuna tatizo. Mzigo wa kueleza ulipaswa kuwa kwa serikali iliyoingia shambani kwake, si kwake. Mtu anayetumia kitu mwilini mwake, kwa maumivu yake, ndani ya nyumba yake, hana deni la maelezo kwa mtu yeyote mpaka aonekane aliyemdhuru. Kuligeuza hilo, kumtaka mgonjwa athibitishe kwamba anastahili kupumua bila maumivu, ni kuufanya mwili wake mali ya serikali inayomkopesha kwa masharti.

3. "Ni mlango wa nyuma wa wavutaji"

Kuna ukweli hapa. California ilikuwa na madaktari waliotoa barua kwa yeyote mwenye pesa na malalamiko ya usingizi. Wavutaji wazima walipita humo. Nakubali.

Lakini mwaka huohuo wa 1996, wakati California inapiga kura, kampuni ya Purdue ilikuwa ikiingiza sokoni OxyContin, kidonge cha familia ya morfini kilichopita kila mlango wa mbele uliopo: maabara, idara ya dawa, daktari, duka la dawa. Mwaka 2007 kampuni hiyo ilikiri mahakamani kwamba iliwapotosha watu juu ya hatari ya kidonge hicho. Kati ya 1999 na 2019 karibu Wamarekani 500,000 walikufa kwa kuzidisha dawa za kundi hilo, za hospitali na za mtaani. Je, serikali iliamua kwamba kwa kuwa wengi wametumia vibaya vidonge vya maumivu, mgonjwa wa saratani ya mifupa akamatwe akionekana na kidonge? Haikuamua hivyo, na isingepaswa. Ilibana madaktari na wauzaji, na mgonjwa wa kweli akaendelea, japo kwa taabu, kupata dawa.

Kila dawa yenye nguvu ina watu wanaoitumia vibaya. Sharubati ya kikohozi yenye kodeini imewaharibu vijana wengi wa miji yetu, na bado ipo hospitali. Kwa bangi peke yake tunaambiwa kwamba udanganyifu wa mzima ni sababu ya kumwadhibu mgonjwa. Mwizi anapotumia cheti cha kughushi, anayefungwa ni mwenye cheti halali.

4. "Na watoto wetu je?"

Mwaka 2015 jarida la Lancet Psychiatry lilichapisha uchunguzi wa vijana zaidi ya milioni moja wa Marekani, kuanzia 1991 hadi 2014. Majimbo yaliyoruhusu bangi ya tiba hayakuonyesha ongezeko la uvutaji wa vijana lililotokana na sheria hizo. Bangi inawadhuru vijana, hasa ubongo unaokua, na kwa wengine huamsha wazimu uliolala. Hilo ni la kulisema shuleni na nyumbani bila kuchoka. Miche ya Monson haikuhusika nalo.

Askari, kwa upande wao, waliwakamata watoto hao kwa maelfu. Mwaka 2007 peke yake polisi wa Marekani walifanya ukamataji zaidi ya 800,000 wa bangi, karibu tisa kati ya kumi kwa kuwa nayo tu. Weusi walikamatwa karibu mara nne ya weupe, ingawa wanavuta kwa kiwango kinachokaribiana. Kijana aliyekuwa na rekodi ya polisi akiwa na miaka 18 aliweza kupoteza kazi, mkopo wa masomo, nyumba. Ikiwa huo ndio ulinzi, basi kinachomlinda kimemgharimu kuliko kilichomtishia.

5. "Askari anafanya kazi yake tu"

Wanaosema hivi hufikiria pingu peke yake. Sehemu kubwa ya adhabu haina pingu.

Mwishoni mwa 1996, wiki chache baada ya kura ya California, serikali ya Clinton ilitangaza kwamba daktari atakayempendekezea mgonjwa bangi anaweza kunyang'anywa kibali cha kuagiza dawa. Fikiria daktari wa saratani anayejua kinachomsaidia mgonjwa wake, akikaa kimya ili asipoteze kazi. Ilichukua karibu miaka sita hadi mahakama ya rufaa, Oktoba 2002, kuthibitisha kwamba mazungumzo ya daktari na mgonjwa wake yanalindwa na katiba. Kwa miaka hiyo serikali ilikuwa imekaa katikati ya watu wawili ambao mmoja wao alikuwa anakufa.

Karibu miezi miwili kabla ya uamuzi huo, maofisa wa DEA wenye silaha walivamia alfajiri shamba la ushirika wa wagonjwa huko Santa Cruz, ulioongozwa na Valerie Corral, ambao wanachama wake wengi walikuwa mahututi na walipewa bangi bila kulipishwa. Miche zaidi ya 100 iling'olewa. Hakuna aliyefunguliwa mashtaka. Siku chache baadaye viongozi wa mji walisimama mbele ya ofisi zao huku wagonjwa wakigawiwa dawa yao hadharani. Sikumbuki tukio jingine linaloonyesha wazi zaidi nani alikuwa upande wa jamii siku ile.

Brandon Coats wa Colorado, aliyepooza tangu ajali ya gari akiwa na miaka 16, alifukuzwa kazi mwaka 2010 kwa sababu kipimo kilionyesha bangi, ingawa aliitumia usiku nyumbani kwa kibali cha jimbo, na hakuna aliyedai alilewa kazini. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Colorado ilisema mwajiri hakukosea, kwa kuwa sheria ya shirikisho bado inaikataza. Wengine waliondolewa kwenye foleni ya kupandikizwa ini kwa sababu ya bangi waliyoshauriwa na madaktari, hata California ikabidi itunge sheria mwaka 2015 kukataza hilo.

Gharama moja inawagusa ndugu zetu moja kwa moja. Ohio na Pennsylvania, majimbo wanakoishi Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili, yameuweka ugonjwa wa selimundu katika orodha ya magonjwa yanayoruhusiwa bangi ya tiba. Selimundu ni ugonjwa wetu, tumehama nao. Mama anayemuuguza mwanawe aliyekua, anayelia usiku kwa maumivu ya mifupa, anaweza kuambiwa na daktari wa jimbo kwamba kuna njia hii. Asichoambiwa ni kwamba Aprili 2019 idara ya uhamiaji ya shirikisho iliweka wazi kuwa matumizi ya bangi, hata yanayoruhusiwa na jimbo, yanaweza kumfanya mwombaji wa uraia ahesabiwe hana tabia njema. Mtu amekimbia vita Kivu, amekaa kambini miaka, amefika, ana kadi ya kijani, amefuata ushauri wa daktari mwenye leseni katika duka lenye leseni, na anapojibu maswali ya uraia kwa ukweli anahatarisha kila kitu. Akidanganya, ametenda kosa jingine. Nchi inayompa dawa kwa mkono mmoja inamwandikia kwa mwingine kwamba hafai.

6. "Huko ni Marekani, kwetu ni tofauti"

Kwetu tumeshaonyesha kwamba tunajua namna ya kuruhusu dawa ya kulevya itibu bila nchi kuporomoka. Uganda ndiyo mfano mkubwa. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na kwa uongozi wake na wa maofisa wa wizara, morfini ya maji inatengenezwa nchini na kupelekwa mpaka majumbani. Mwaka 2004 sheria iliruhusu hata wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa kuiagiza. Morfini inatokana na afyuni, mama wa heroini, nayo inaua ikizidishwa. Hata hivyo mzee wa kijijini anaanza safari yake ya mwisho akiwa na chupa ya plastiki kando ya kitanda, na mwanawe anampimia. Tanzania nayo, Februari 2011, ilifungua Muhimbili kliniki ya methadoni, ambako waliokuwa watumwa wa heroini hunywa kila siku, mbele ya muuguzi, dawa ya familia ileile. Hakuna aliyesema serikali imehalalisha unga.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961, ambao sheria zetu zimeuegemea, unasema katika utangulizi wake kwamba dawa hizi ni za lazima katika kuondoa maumivu na nchi zihakikishe zinapatikana. Desemba 2020, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani, tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi kwenye orodha kali zaidi ya mkataba huo, kwa kura 27 dhidi ya 25. Kenya ilikuwa miongoni mwa waliokataa.

Ajabu ni kwamba sheria ya Kenya haikuhitaji kura hiyo. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994, ile iliyoweka kifungo cha miaka 10 hata kwa bangi ya kutumia mwenyewe mpaka ilipolegezwa mwaka 2022, ina kifungu kinachomwondolea kosa mtu mwenye dawa hizo kwa ajili ya tiba na kwa agizo la daktari. Wabunge walioiandika walijua kwamba siku moja mgonjwa atasimama mbele ya hakimu. Kilichokosekana ni kanuni, dawa yenyewe na daktari asiyeogopa kuandika. Rwanda iliruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuza nje, kwa hiyo mmea utaoteshwa Afrika Mashariki kuwatibu wagonjwa wa Ulaya, huku mgonjwa wa Gikongoro au wa Machakos akibaki mshukiwa.

Kwa hiyo ninachodai ni vitu vya kufanyika ndani ya sheria tuliyonayo. Wizara ya Afya ya Kenya iandike kanuni za kifungu hicho kama zilivyoandikwa za morfini: magonjwa gani, madaktari gani, kiasi gani, na daftari la kila tone linalotoka. Bodi ya madaktari itamke wazi kwamba daktari hatapoteza leseni kwa kumshauri mgonjwa wake kwa ukweli. Na kwa yule anayekamatwa kabla ya kanuni hizo kuandikwa, akiwa na faili la hospitali mkononi na bangi isiyozidi ya matumizi yake, Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anayo tayari mamlaka ya kikatiba ya kuamua nani ashtakiwe na nani asishtakiwe. Atoe mwongozo kwa mawakili wake wa serikali kwamba faili la namna hiyo likiletwa mezani na polisi, lirudishwe bila mashtaka.